Mgane Jukwaani

Kaka yangu Trevor ni mtu mzima mwenye mjukuu, na mwezi Agosti nililala kwenye sofa wiki nzima ili yeye apate kumficha mwanamke. Nalitaja sofa kwanza kwa sababu mgongo bado unaniuma, na kwa sababu ukiniuliza aibu ile ilianzia wapi nitakwambia ilianzia hapo, nilipokubali kujifunika blanketi sebuleni huku wao wawili wakiurudisha mlango wa chumba polepole kama watoto wanaotoroka shule.

Mwanamke mwenyewe anaitwa Hazel. Tunafanya kazi pamoja kwenye duka la maua na miche huko Rotherham, yeye kaunta, mimi kwenye mkahawa wa nyuma. Ni mimi niliyewakutanisha. Wifi yangu Lynne alipofariki, Trevor alikaa muda mrefu akila maharage ya kopo mbele ya televisheni, hata mapazia hafungui. Hazel hana makuu. Anacheka kwa sauti, anaendesha gari kama dereva wa lori, na haukupita mwezi Trevor akaanza kunyoa ndevu kila siku. Nilifurahi, sitasema uongo. Tatizo ni kwamba hakumwambia binti yake, Kirsty. Alichofanya ni kuwaambia watu wote wengine wasimwambie Kirsty. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini kaka yangu aliamini yeye ndiye wa kwanza duniani kupata dawa ya kikohozi hicho.

Kila Agosti ukoo wetu huenda kambi ileile ya likizo, pwani ya Lincolnshire, mbele kidogo ya Skegness. Zamani ilikuwa karavani, vijumba vya bati vya magurudumu, vyoo vya pamoja na ukumbi unaonuka bia. Siku hizi wenye mali wapya wameigawa mara mbili kwa ua wa miti na geti. Upande wa familia kuna bwawa lenye mabomba ya kuteleza, ukuta wa kukwea, gofu ya watoto, na kijana aliyevishwa manyoya anayeitwa Kapteni Shakwe, ambaye kazi yake ni kukumbatiwa na kupigwa mateke. Upande wa pili ni wa watu wazima tupu: nyumba za mbao, jakuzi la maji moto linalochemka kwenye kila veranda, taulo zilizokunjwa zikawa bata, na kibao getini kwamba watoto hawaruhusiwi kupita. Tangazo lao linasema: kambi moja, likizo mbili. Trevor aliposoma maneno hayo aliona yameandikwa kwa ajili yake.

Akapanga hivi. Kirsty na binti yake Maisie wakae karavani upande wa familia; mume wa Kirsty alikuwa kazini baharini, kwenye mitambo ya umeme wa upepo. Mimi na "rafiki yangu" Hazel tukae nyumba ya mbao. Yeye Trevor, kwa kuwa vitanda vya karavani vinamtesa kiuno, ajibanze kwenye sofa yetu. Hayo ndiyo aliyoambiwa Kirsty. Ukweli ulikuwa ni huohuo, ila kiuno kilichoteseka kilikuwa changu. Na kwa kuwa Maisie hakuruhusiwa kuvuka geti, mama yake naye hakuwa na nafasi ya kuja kuchungulia.

"Sikiliza, Trevor," Hazel alisema jioni ya kwanza, miguu ndani ya jakuzi, glasi mkononi. "Nakupa wiki hii. Ukimwambia Kirsty, vizuri, tutakula wote meza moja. Usipomwambia, mimi narudi kwangu na usinipigie simu tena. Mimi si zawadi ya Krismasi ya kufichwa juu ya kabati."

"Nitamwambia, mpenzi. Kesho."

"Hiyo kesho ina jina?"

"Jumanne."

"Noreen, umemsikia kaka yako. Wewe shahidi."

"Mimi shahidi wa nini?" nikasema. "Mimi ni foronya ya sofa."

Tulicheka sana. Glasi zenyewe zilikuwa na mvinyo wa mapovu tuliopewa na kambi, pamoja na petali za waridi zilizomwagwa kitandani na puto lenye umbo la moyo. Kwetu hakuna anayekodi nyumba za namna hii bila kudai ana sherehe. Ukimwambia binti wa kwenye simu kwamba ni kumbukumbu ya siku yako ya ndoa, chupa inakungoja mezani. Kila mtu anafanya hivyo na binti wa kwenye simu anajua. Trevor naye alisema ni siku ya ndoa.

"Ndoa na nani?" nilimuuliza.

"Na chupa ya bure," akajibu.

Jumanne ikafika, tukaenda gofu ya watoto. Mimi na Hazel tukabaki nyuma makusudi ili Trevor atembee na bintiye. Niliwaona wakisimama kwenye kinu kidogo cha upepo, Kirsty ameegemea fimbo yake, anamtazama baba yake bila haraka, kama mtu aliyeuliza swali na anangoja ajibiwe. Trevor akafungua mdomo. Halafu akainama akauokota mpira wa Maisie, ambao haukuhitaji kuokotwa.

"Umemwambia?" Hazel alimuuliza tuliporudi.

"Alianza kumtaja mama yake. Ningemwambiaje?"

"Alisema nini?"

"Alisema Lynne alikuwa akiiba pointi kwenye gofu."

"Basi hapo ndipo pa kuingilia, Trevor! Useme, na huyu Hazel naye anaiba!"

Jumatano ilikuwa bwawa. Kirsty alikaa naye ukingoni wakati Maisie anateleza kwenye bomba, akamuuliza, kwa masikio yangu nilisikia, "Baba, unajisikiaje siku hizi? Huna upweke?" Mwanamke mzima amekufungulia mlango hadi mwisho, amekushikia na kitasa. Trevor akasema, "Aa, mimi sijambo, nina shangazi yako." Nilitamani nimsukume ndani ya maji. Mficha uchi hazai, nikamwambia baadaye kwenye njia ya geti, na yeye akanijibu kwamba nisimharakishe, bado kuna Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku ya onyesho kubwa ukumbini. Ukumbi wetu meza haziwekwi kwa simu. Alasiri unamtuma mtu akatandaze masweta kwenye viti, na ukikuta sweta juu ya kiti, hata kiti kikikaa kitupu mpaka watu wanaondoka, hukigusi. Kirsty alikuwa amewahi meza ya mbele kabisa, kando ya sakafu ya kuchezea. Trevor akakaa naye, Maisie mapajani. Mimi na Hazel tukakaa meza ya jirani, na chipsi zetu, kama wapangaji.

Kabla ya onyesho kuna pongezi. Huendeshwa na kijana wa koti la njano anayeitwa Callum, mwenye meno mengi na moyo mzuri. Akaita watoto wa siku ya kuzaliwa, wakaimbiwa. Akaita bibi mmoja aliyetimiza miaka themanini, akambusu mkono. Kisha taa zikapunguzwa.

"Na sasa wapenzi wetu! Kutoka nyumba ya mbao namba saba, wanasherehekea siku ya ndoa yao, Bwana na Bibi Oldroyd! Njooni, njooni, msione haya!"

Taa ya jukwaani ikazunguka ukumbi mzima ikimtafuta, na watu wa meza ya nyuma, wanaotujua miaka yote, wakamnyooshea kidole. Ikatua juu ya kaka yangu.

"Mungu wangu, ile chupa," Hazel akaninong'oneza, akaziba mdomo asiangue kicheko. Kisha akaacha kucheka. Aliona nilichokiona mimi, kwamba jambo lililomshinda Trevor kulianza kwa siku zote zile limejianza lenyewe. Kilichobaki ni kuinua mkono tu. Aseme, si ndoa jamani, nilitaka chupa ya bure, lakini huyu pale ni Hazel. Watu wangecheka mpaka wajishike mbavu, na mambo yangeishia hapo.

Hazel akaweka glasi chini. Akapitisha vidole kwenye nywele zake. "Nimepakaza rangi ya mdomo sawa?" akaniuliza.

"Uko sawa," nikamwambia. Alikuwa mzuri, kwa kweli. Sitausahau uso ule.

Trevor akapanda jukwaani kwa sababu watu walikuwa wakimpigia makofi apande. Callum akamshika bega.

"Trevor, bibi harusi wetu yuko wapi?"

Akamtazama Hazel. Nilimwona, asije akakana. Akamtazama Kirsty, ambaye alikuwa ameweka uma wake chini na kunyooka kitini. Kisha akatazama viatu vyake.

"Mke wangu alifariki," akasema kwenye maikrofoni.

Hata wale wanaume wa kaunta waliacha kuagiza.

"Aliitwa Lynne. Tulikuwa tukija hapa kila mwaka. Leo ingekuwa siku yetu." Sauti ikamkwama, na mtu angeapa kuwa ni majonzi. "Nimekuja peke yangu. Kumkumbuka tu."

Nilihisi uso unaniwaka mpaka masikioni. Lynne na Trevor walioana mwezi wa Februari. Mimi nilikuwa msimamizi wa bibi harusi. Theluji ilikuwa mpaka magotini, gari lilikwama, na Lynne akaingia kanisani na mabuti ya baba yangu chini ya gauni jeupe huku akicheka. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwa Kirsty. Anaifuta vumbi kila wiki.

Callum alikuwa analia. Kijana wa watu, hakujua kitu. "Mabibi na mabwana," akasema, "naomba tusimame sote kwa ajili ya Lynne."

Tukasimama. Viti vikakwaruza sakafu, watu wakawasha taa za simu wakaziinua juu, wanawake wasiotujua wakafuta machozi kwa karatasi za kufutia mikono. Muziki wa polepole ukapigwa na Trevor akacheza na Maisie, mtoto amekanyaga viatu vya babu yake. Hazel naye alisimama. Angefanya nini? Alisimama wima, mikono pamoja mbele, kama ulivyo adabu kusimama kwa ajili ya marehemu. Muziki ulipoisha akalichukua sweta lake kwenye kiti, akaninong'oneza "usinifuate, malizia chipsi zako," akatoka.

Nilimaliza chipsi. Sijui kwa nini nilizimaliza.

Niliporudi nyumba ya mbao nilimkuta amekwisha funga begi, amekaa ukingoni mwa kitanda. Trevor alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, na bado alikuwa na ua kwenye koti, ambalo mtu alimbandika ukumbini.

"Niliogopa," alikuwa akisema. "Hazel, watu wote wale. Niliona uso wa Kirsty nikaogopa."

"Najua umeogopa. Mimi pia huogopa vitu. Lakini sikukasirika umemtaja Lynne, naomba unielewe. Mtaje mpaka kesho, ni haki yake." Hakuwa akilia, na hilo ndilo lililonitisha. "Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuinuka, Trevor. Nusu ya makalio yangu haikuwa kwenye kiti. Nikawa naja kwako. Halafu nikasikia upo peke yako."

Mimi nilitazama lile puto la moyo, limeanza kunywea kwenye kona. Asubuhi teksi ya kwenda stesheni ilikuja, Hazel akanikumbatia mimi, akamwachia Trevor funguo mezani, akaenda.

Trevor alisema lazima tukale kifungua kinywa kama kawaida, Kirsty asije akashtuka. Nilimfuata kwa sababu sikuwa na nguvu ya kugombana. Kirsty alikuwa anatungoja getini, chini ya kile kibao, amemshika Maisie mkono.

"Hazel yuko wapi?" akauliza.

"Amepata dharura kidogo," Trevor akaanza.

"Baba."

"Kirsty, kuna jambo nilitaka..."

"Najua. Nimejua tangu Pasaka. Maisie aliniambia babu ana mtu anayempikia pai na kumwita tembo wangu." Maisie aliitikia kwa kichwa, kwa fahari. "Sikusema kwa sababu ni jambo lako, ulitamke wewe. Nikakupeleka gofu. Nikakukalisha bwawani nikakuuliza kama una upweke. Nilishajiandaa mpaka cha kujibu. Ningesema nimefurahi."

"Nilidhani utaumia, mwanangu."

"Niliumia jana. Mama aliolewa Februari." Akamgeuzia mtoto uso upande mwingine, akashusha sauti. "Hukumkumbuka mama pale, baba. Ulijificha nyuma yake. Ulimtoa kaburini ili umzibe yule mwanamke aliyekaa na chipsi zake."

Kaka yangu alikuwa na uso wa kijivu. Nikaona haya kwa niaba yake, kisha nikaona haya yangu mwenyewe, kwa sababu Kirsty alinigeukia mimi.

"Na wewe, shangazi. Kwenye sofa. Wiki nzima."

Nikajishika mgongo.

"Nipe namba ya Hazel," akasema. Nikampa, akaiandika kwenye simu yake. "Nitampigia mimi. Nitamwomba arudi, tule wote chakula cha jioni kabla hatujaondoka kesho. Labda atanisikiliza. Lakini simwiti aje kukaa mezani na mgane wa watu hawa, kila dakika anapewa pole. Baba, mtu wa kwanza atakayekuja kukusemesha habari ya jana, mwambie kweli. Mmoja tu. Nikikusikia, napiga hapohapo."

"Nitamwambia," Trevor akasema.

"Haya."

Tulipoingia mkahawani watu waligeuka. Wengine walitabasamu kwa vichwa vilivyoinama upande, vile watu hutabasamu msibani, na mpishi akamwekea Trevor soseji ya ziada bila kusema neno. Tukakaa. Kirsty akaiweka simu mezani kando ya sahani yake, jina la Hazel limeandikwa kwenye kioo.

Hatujamaliza kumimina chai alipokuja mzee mmoja mwenye tai na kifaa cha kusikilizia sikioni. Tulimfahamu kwa sura: Bwana Eckersley, anayekaa karavani ya mwisho, peke yake, na hucheza bingo bila kuzungumza na mtu. Akaichukua mikono ya Trevor yote miwili.

"Sitakuchelewesha," akasema. "Mke wangu ni Muriel. Sijalitamka jina hilo tangu mazishi, kwa sababu nilidhani nikilitamka nitaanguka. Jana nilipotoka ukumbini nilienda kwenye karavani nikaliita kwa sauti. Sikuanguka. Ni wewe umenipa nguvu."

Trevor akaitazama ile simu mezani.

"Wanangu wananisumbua nitafute mwenzangu," mzee akaendelea, macho yamejaa. "Wanasema kila mtu anafanya hivyo siku hizi. Nikawaambia, tazameni yule bwana wa jana. Wewe unanielewa. Wewe hukutafuta mwingine, sivyo?"

Kirsty alikuwa amekishusha kidole gumba juu ya simu. Hakumkazia baba yake macho. Alitazama tu, kwa tumaini, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alifanana na Lynne.

"Hapana," Trevor akasema. "Sikutafuta."

Mzee akaibusu mikono ile, akaenda zake amenyooka mgongo.

Niliowasimulia wengine wananiambia kaka yangu alimhurumia mzee wa watu, na wewe ungekuwa pale ungesemaje. Labda. Lakini Trevor ni mdogo wangu, nimemlea tangu ana makamasi, na sura yake ya huruma naijua, na sura yake ya woga naijua. Kirsty naye anazijua. Akaizima simu akaitia kwenye mkoba. Akachukua sahani ya Maisie, akaiweka juu ya yake.

"Twende tukakae kule dirishani."

"Na babu?" Maisie akauliza.

"Babu ana watu wengi leo."

Wakaenda. Trevor akabaki anaikata soseji vipande vidogo vidogo asivyovila. Nilitaka kuinuka niwafuate, miguu nilikuwa nayo, kiti hakikunishika. Mama mmoja nisiyemjua akapita na trei yake, akanigusa bega, akaniambia pole sana kwa wifi yako, mpenzi, mna bahati ya kuwa na kaka kama huyu.

Nikamwambia asante.